Nyasi za Ubatizo wa Byabato

Nyasi zililetwa Jumamosi mchana, bado mbichi, vichwani mwa wanawake waliofuatana na Bibi Adelgunda kutoka upande wa Kyerwa. Sakafu ya nyumba ya Eliud pale Ndama ilikuwa ya saruji, tena ya kung'aa, lakini Bibi huyo, mama yake, hakutaka kusikia habari hizo. Mjukuu anabatizwa kesho, halafu wageni wakanyage saruji kama wamekwenda posta? Zikatandikwa sebule nzima, nene, zinanukia vizuri, na mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba kitu kidogo kikidondoka humo ndiyo basi tena. Eliud alikuwa na akili. Aliliona hilo. Ndiyo maana habari hii inauma kuisimulia.

Huyu Eliud watu wa Omurushaka bado wanamwita Fundi, ingawa kazi hiyo alikwisha kuiacha. Ujanani alikuwa na kibanda karibu na stendi, mchana anatengeneza redio, jioni anapiga enanga, ule ubao wa nyuzi ambao baba yake aliupiga kwenye harusi za pande zile zote. Eliud akautoboa wa kwake, akautia waya, akauunganisha na spika kubwa mpaka wazee wakaziba masikio. Halafu baba akafariki, yeye akaoa Sperancia, na vyote vikapandishwa darini. Akawa mnunuzi wa kahawa, mtu wa mizani na magunia, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika.

Kisha akaja Byabato. Walikuwa wamemsubiri hata majirani wakachoka kuuliza. Jioni akimbeba, Eliud alijikuta anaguna wimbo wa baba yake, na mtoto ananyamaza, anamkodolea macho. Mikono ikaanza kumwasha. Siku moja akapanda darini akashusha sanduku la zana, vumbi limemjaa kichwani, anacheka peke yake.

Sperancia hakukasirika. Aliweka sharti moja tu.

"Baba Byabato, fanya. Hata mimi nimefurahi. Lakini vitu vyako viishie stoo. Huyu anatambaa sasa, kila anachokuta anapeleka mdomoni. Sebuleni sitaki kuona hata msumari."

"Nimekuelewa, mama."

Na kweli alikusudia. Wiki kadhaa alijibanza stoo katikati ya magunia, mwanamume mwenye furaha kuliko wote katika kata nzima. Alikuwa anatengeneza kisanduku cha mbao ambacho ukikifunua kinaimba. Sauti ilikuwa ya marehemu baba yake na enanga yake, aliyoiokoa kutoka kwenye kanda iliyokuwa karibu kuharibika kabisa. Mbao alizichonga mwenyewe, nyaya akazilehemu mwenyewe, spika akaitoa kwenye simu mbovu. Umeme ulitoka kwenye betri bapa za saa, zile ndogo zinazong'aa kama vifungo vya koti. Byabato atamjua babu yake kwa kusikia, ndivyo alivyowaza, na wazo lilikuwa zuri. Hakuna aliyemlazimisha kukimaliza kabla ya ubatizo isipokuwa yeye mwenyewe.

Wiki ya ubatizo mvua ikanyesha, kahawa ikaingizwa stoo mpaka mlangoni, akakosa hata pa kuweka kigoda. Jumamosi ile akahamia sebuleni. Mara moja tu, alijiambia. Sperancia alikuwa nje na wanawake, wanamenya ndizi. Byabato alikuwa juu ya nyasi, amezifumbata, anazishangaa. Eliud akaketi, kisanduku mapajani, betri tatu amezipanga kwenye kifuniko karibu na mguu wake. Mama yake akamwita akateremshe mkungu uliokuwa umetundikwa jikoni. Akainuka, akaenda. Hakukaa sana huko. Aliporudi, betri zilikuwa mbili.

Akapiga magoti, akapapasa nyasi, akazifunua, akazikung'uta. Akamkunjua mtoto vidole. Akamfungua kinywa, akaona vijino viwili na mate. Byabato akakohoa kidogo, kisha akamchekea. Nje, sauti ya Sperancia ilikuwa inasogea.

Sentensi moja ingetosha. Betri imepotea, njoo tuitafute. Mtoto wa shule angeisema. Eliud akatia mkono mfukoni, akatoa betri nyingine, akaipachika mahali pake na kufunga skrubu.

Kisanduku kikaimba. Enanga ikalia, na sauti ya mzee aliyezikwa zamani ikajaa sebule. Wanawake wakaingia na vigelegele. Bibi Adelgunda, aliyeisikia sauti ya mumewe bila kutarajia, akakaa chini palepale nyasini, akalia kwa furaha. Sperancia peke yake ndiye aliyetazama kisanduku, akatazama sakafu, kisha akamtazama mumewe.

"Umekileta huku," alisema taratibu.

"Nilikuwa namalizia tu. Hakuna kilichobaki."

Jioni mtoto alikataa uji. Mate yalimchuruzika mpaka kifuani. "Meno hayo," alisema Bibi, na Eliud akalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Meno, naam. Watoto wote huota meno. Kila sebule ilipobaki tupu alirudi kwenye nyasi, anazichambua kama mchele, na kila alipokosa alijiambia kwamba watakapozifagia kesho itaonekana. Wakamlaza mtoto akiwa anakoroma vibaya.

Asubuhi, kigauni cheupe kimekwisha kupigwa pasi, Byabato alikataa ziwa. Alilishika, akalia, akaliachia. Kilio chenyewe kilikuwa cha kukwaruza, na kwenye mate kulikuwa na rangi ya kahawia. Bibi Adelgunda alimwangalia ufizi, akatikisa kichwa.

"Haya ni yale meno ya plastiki. Yameua wengi haya. Kule kwetu yupo mama anayetoa, anatumia spoku ya baiskeli, dakika moja tu. Twende naye kabla ya ibada."

Sperancia alikuwa amekwisha kuchukua kitenge cha kumbebea. Eliud alimwona akikifunga mgongoni, akaona kile kichwa kidogo kimeegemea bega.

"Si meno," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Betri imepotea. Ile ndogo ya kisanduku. Nadhani ameimeza."

Jirani yao Cleophace akawasha pikipiki, wakapanda, mama na mtoto katikati, Eliud nyuma kabisa ameng'ang'ania chuma. Njiani walipishana na wageni wa ubatizo waliovaa vizuri, wakawapungia mikono.

Hospitali walimpiga picha bila kuwaweka foleni. Daktari, dada mmoja mwenye haraka, akaiinua kwenye mwanga. Kooni mwa mtoto palionekana duara jeupe lenye pete ndani yake.

"Hii ikikaa mahali penye majimaji inaunguza," alisema. "Inaunguza mfululizo. Nahitaji kujua ameimeza lini."

"Labda leo alfajiri, daktari," alijibu Sperancia. "Jana yalikuwa meno tu yanamsumbua."

Aliamini alichokisema. Mtu anaweza kumwacha mkewe aamini hivyo, na Eliud, Mungu amsamehe, alilifikiria jambo hilo. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu, anasubiri.

"Jana mchana," alisema Eliud.

"Jana mchana?"

"Niliona imepungua. Nikaweka nyingine."

Sperancia alimhamisha mtoto kutoka bega la upande wa Eliud, akampeleka bega la pili, akageuka kidogo ukutani. Eliud alisikia uchungu ambao hakujua kama upo.

Walipelekwa Mwanza kwa gari la wagonjwa. Huko betri ikatolewa, imekuwa nyeusi kama punje ya mkaa. Byabato aliponea chupuchupu, akalishwa kwa mpira hata kahawa ikaisha kuvunwa nyumbani. Walipokaribia kuruhusiwa waliambiwa kwamba mshipa unaoendesha sauti umeungua. Huenda sauti ikarudi. Huenda isirudi.

Haijarudi. Byabato sasa anatembea, anakula, ameota meno mengi, na anacheka bila sauti. Akianguka anafungua kinywa, uso unajikunja, machozi yanatoka, na nyumba imekaa kimya. Bibi Adelgunda alisema kosa lilikuwa la nyasi zake, na hajatandika tena. Eliud akamwambia hapana, mama, nyasi hazina kosa. Hilo alilisema mbele ya watu. Kisanduku kiko juu ya kabati, na hakuna anayekifunua.

Juzi asubuhi Eliud alikuwa anafunga gunia, akamwona Sperancia anashuka darini na lile sanduku la zana alilokuwa amelirudisha huko. Alifikiri anakwenda kulitupa. Lakini alilileta sebuleni, akaliweka mezani.

"Nalala mkono wangu uko kifuani kwa Byabato," alisema. "Siku nikipitiwa na usingizi, atalia mpaka kuche na sitajua. Tengeneza kitu kitakachoniamsha akilia."

Tangu Mwanza, mkewe hakuwa amemwambia Eliud maneno mengi kiasi hicho kwa mara moja.

"Nitafanyia stoo," alisema.

"Hapana. Fanyia hapa, nikuone. Na betri iwe kubwa."

Akaketi mbele yake, mtoto amempakata, macho yote kwenye mikono ya mumewe, anaifuata kila skrubu inapotoka na inapowekwa. Eliud akalifungua sanduku. Alipoinua macho kutafuta bisibisi, aliona mashavu ya Byabato yamelowa.

"Analia," alimwambia mkewe.