Mke Mwenzangu kwa Kiajemi

Kaa karibu, msikilizaji wangu, Kiajemi hakitishi. Kitu hutangulia na mwenyewe hufuata, kama kwetu. "Dokhtar" ni binti, "man" ni mimi, na katikati unatia kijisauti "e": dokhtar-e man, binti yangu. Ngeli hakuna. Ukitaka kuuliza, maneno yanabaki palepale, sauti tu ndiyo inayopanda mwishoni: Khubi? U mzima?

Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mama, barazani kwetu Msuka, huku akichambua karafuu. Dada yangu alikuwa amefariki Iran, alikoolewa. Lugha niliijua kwa sababu nami nilisoma huko. Binti yake mdogo hakujua Kiswahili hata neno, na shemeji alikuwa ameahidi kutupigia Ijumaa baada ya sala. Mama alitaka jambo moja tu: mtoto asimwone mgeni. Mimi moyoni sikuwa nasikia kitu, wala huzuni. Nilifundisha tu.

"Na mke mwenzangu, wanasemaje?" mama akauliza.

"Havu. Lakini mama, huko bibi hamwiti mjukuu wake mke mwenza. Watashangaa."

"Washangae! Wewe bibi yako alikuitaje?"

"Mume wangu."

"Basi. Mie huyu wangu nimwite nani, mheshimiwa?"

Ijumaa simu ikalia, uso wa mtoto ukajaa kwenye kioo. Mama akaweka ushungi sawa.

"Khubi, havu-ye man?"

Baada ya "u", ile "e" huwa "ye", hakukosea. Nyuma ya mtoto, bibi wa kule akashika kifua. Shemeji akacheka, akamweleza mamake: dada alikwisha kumhadithia utani wetu huu. Mtoto hakucheka. Alimtazama mama, kisha akauliza, "To maman-e mamanami?"

"Anauliza, wewe ni mama wa mama yake?" nikasema.

Nilikuwa nimempa maswali, jibu sikumpa. Mama akanigeukia.

"Sema 'are'," nikamnong'oneza.

"Are," mama akasema. "Are, havu-ye man."

Mtoto akausogeza uso mpaka nikaona paji tu. Mimi bado sikuhisi kitu, ila sikuondoka pale.

Nawe anza hapo. Kabla ya swali lolote, jifunze "are", ndiyo. Litamke sasa, polepole, na "a" ya kwanza uivute.