Chipu Iliyokaa Bure Rhonda

Saa moja jioni, mtaa wa Rhonda mjini Nakuru unapoanza kupika na kushika simu, Fancy Jepleting anafungua dirisha la chumba chake cha kazi na kuketi. Si hewa anayoitaka. Anasubiri lawama.

"Hapa hakuna mtu hupiga simu kulalamika," anasema, macho yake kwenye kompyuta. "Wanakuja dirishani. Wakigonga, najua mtandao umelala."

Fancy, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, alizaliwa Molo kwa wazazi wakulima na kusomea elektroniki mjini Nakuru. Yeye na mshirika wake, Naftaly Muiruri, husambaza intaneti kwa nyumba zaidi ya mia moja mtaani kupitia kisanduku kimoja kidogo kilichofungwa ukutani. Kila jioni kisanduku kilikuwa kikizidiwa. Filamu zinakwama, dirisha linagongwa, na wateja wakaanza kuhama mmoja mmoja.

Naftaly alichoka. Mwezi wa tano alimwambia waziwazi kwamba mambo yasipobadilika ifikapo mwisho wa Juni, wanafunga biashara na kila mtu anashika njia yake.

Fancy akakichunguza kisanduku, kumbe hakikuwa na kosa. Data husafiri kwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti inayopita lazima ipigiwe hesabu, ili anayeipokea ajue haijaharibika njiani. Kazi hiyo yote ilifanywa na prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kisanduku. Kando yake kulikuwa na chipu ya mtandao yenye uwezo wa kuifanya yenyewe. Lakini kiendeshi, yaani programu inayoiambia chipu la kufanya, hakikuwahi kuiomba.

"Wacha nikuambie, niliudhika," Fancy anasema. "Tunalia hapa kila jioni, na msaidizi ako hapo hapo amekaa tu!"

Mfumo unaoendesha kisanduku ni wa bure, na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho, mradi wakaguzi wa kujitolea waridhike. Fancy akaandika sehemu iliyokosekana, akaituma. Mkaguzi mmoja wa ng'ambo akajibu kwa swali moja tu: je, umejaribu pakiti ndogo?

Hakuwa amejaribu. Alijaribu filamu, kwa sababu wateja wake hulalamikia filamu. Akaona huyu mkaguzi anamchelewesha bure na Juni inakimbia. Akakiweka kiendeshi kipya kwenye kisanduku bila kungoja.

Jioni hiyo filamu zilicheza bila kusitasita hata mara moja. Naftaly alileta soda.

Kesho yake, Jumamosi, dirisha likagongwa. Alikuwa Mama Shiko, msusi wa jirani. Mumewe, Baba Shiko, hufanya kazi kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria na huja nyumbani mwisho wa mwezi pekee. Kila Jumamosi hupiga simu kwa intaneti na kusali na watoto.

"Filamu iko sawa kabisa, lakini Baba Shiko hasikiki," alisema. "Watoto wamekaa na simu, haloo, haloo, hakuna kitu. Ni nini mmefanya?"

Sauti ya simu husafiri kwa pakiti ndogo. Chipu ilikuwa ikikosea hesabu ya pakiti hizo, na zikifika upande wa pili zinatupwa kama zilizoharibika. Fancy anasema aliona aibu hata akashindwa kumtazama mama huyo usoni. Akarudisha kiendeshi cha zamani, filamu zikakwama tena, na Naftaly akaanza kuulizia mtu wa kununua nguzo na nyaya zao.

"Sikumlaumu," anasema Fancy. "Nilijilaumu mimi. Mtu ameniuliza swali la maana, nikamwona msumbufu."

Alimwandikia mkaguzi na kukiri kosa. Kisha akaanza upya, pole pole: pakiti kubwa zipewe chipu, ndogo zibaki kwa prosesa. Alipomaliza hakugusa filamu kwanza. Alienda saluni, akamwomba Mama Shiko ampigie mumewe, akaketi kando kusikiliza. Sauti ya Baba Shiko ilisikika wazi, akiuliza kama unga bado upo. Fancy akatoka nje, akalia kidogo.

Marekebisho yake yamekubaliwa na yatatoka na toleo lijalo la mfumo huo, jina lake likiwa ndani. Sasa anapanga kuifundisha chipu ile ile kukata data kubwa kuwa pakiti, kazi nyingine inayoilemea prosesa.

"Natumaini mtu mwenye kisanduku kama hiki, awe Molo ama wapi, hatawahi kujua kulikuwa na shida," anasema.

Leo ni siku ya mwisho ya Juni. Naftaly amekaa pembeni, na siku aliyoiweka ya kuamua imefika. Wiki nzima hakuna aliyekuja kulalamika.

Dirisha linagongwa. Fancy anashtuka. Ni Mama Shiko.

"Ni nini imekufa?" Fancy anauliza.

"Imekufa nini, wewe! Dada yangu anayekaa mtaa wa Kaptembwo anataka kuunganishwa. Mnafika huko?"

Fancy anageuka kumtazama Naftaly. Naftaly anasimama, anachukua ngazi iliyo nyuma ya mlango.

"Kaptembwo upande gani?" anauliza.