Shahidi wa Fomu Yangu ya Ujane Amekataa Kusaini

Admin nifichie jina, na wale wa Bomet wakinitambua, tafadhali wanyamaze tu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi kwenye boma la marehemu mume wangu, katikati ya chai. Alikuwa afisa wa kilimo wa serikali. Ni miaka saba tangu augue na kutuacha. Nina mtoto mmoja, nimuite Chela, anasoma chuo kikuu pale Kabianga.

Mume wangu alipofariki, serikali ilianza kunilipa pensheni ya mjane. Chela naye alikuwa kwenye hiyo karatasi, lakini alipopita umri wanaoruhusu jina lake likatolewa, likabaki langu peke yangu. Na langu lina masharti. Kila mwaka najaza fomu kwamba niko hai, sijaolewa tena, wala siishi na mwanaume kama mume wangu. Mtu anayenijua vizuri anasaini kama shahidi, kisha chifu anagonga mhuri. Siku nikiolewa, pensheni inakatwa. Hiyo ndiyo inamsomesha Chela, kwa sababu chai yetu ni mistari michache tu nyuma ya jikoni.

Sitawadanganya, upweke umenimaliza. Mchana nachuma chai na wenzangu tunacheka, lakini nikifika nyumbani naongea na redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, namjibu. Ugali wa mtu mmoja nimeshindwa kujifunza kupika. Unaobaki anaula mbwa, na amenona kuliko mimi. Mpaka leo naosha kibuyu na kuweka mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama nilivyomwekea marehemu, halafu maziwa yanakaa mpaka nayapeana kwa majirani.

Sasa kuna mwanaume. Nimuite Baba Kemunto. Ni Mkisii, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, mke wake alifariki zamani na watoto wake ni watu wazima. Tunasali kanisa moja. Alikuja kunirekebishia tangi la maji, nikampa mursik. Alikunywa amekunja uso kama mtoto anayepewa dawa, akamaliza, akaomba tena. Nilicheka mpaka nikalia, maana sikukumbuka lini mara ya mwisho nilicheka na mtu ndani ya ile nyumba.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Fomu ya mwaka huo ilipofika, nilimpa yeye asaini ushahidi. Nilijiambia ni mtu wa heshima na ananijua. Akasaini. Mwaka uliofuata akasaini tena, lakini aliniangalia kwanza. Na serikali sijaidanganya. Hatukai pamoja, kila mtu ana kwake, hata kanisani tunakaa pande mbili tofauti.

Juzi nikampelekea fomu ya mwaka huu. Aliisoma yote, akanirudishia na kalamu juu yake.

"Mama Chela, hii siwezi."

Nikamuuliza, kwani kuna uongo gani pale?

"Hakuna uongo. Hiyo ndio shida. Kila mwaka mimi ndio naandikia serikali ati wewe huna mtu. Halafu narudi kwangu nalala. Sasa mimi ni nani?"

Akaniambia anastaafu Desemba na anarudi kwao Nyamira. Anataka twende pamoja, tukiwa tumefunga ndoa kanisani watu wakiona. Nikamwomba angoje Chela amalize, imebaki miaka miwili. Akasema, "Nimengoja tangu aingie chuo. Akimaliza, utasema tungoje aolewe."

Nikampigia Chela simu. Nikamweleza yote. Akasema, "Mum, hiyo fees ni ya Daddy. Ndio kitu ya mwisho bado ananifanyia. Hata hiyo unataka ikatwe?"

Nikamwambia Baba Kemunto yuko tayari kulipa.

"Asilipe. Sina shida na yeye, lakini yeye si baba yangu." Akakata simu.

Sikumkasirikia. Hata mimi, miaka ya kwanza pesa ikiingia, nilikuwa namshukuru baba yake kwa sauti, peke yangu jikoni. Mama mkwe naye alishanikumbusha kwamba kwa mila zetu mjane haolewi tena, ni wa boma hili mpaka kufa. Kwa hiyo mila na serikali wamekubaliana juu yangu, na hakuna aliyeniuliza.

Fomu inatakiwa kabla mwezi huu kuisha. Jana nilimpelekea jirani, mama tuliyepakana naye ua miaka ishirini. Alikubali haraka, akashika kalamu, akaandika "Mimi namjua", halafu kalamu ikasimama.

"Kwani wewe jina lako ni nani? Mimi najua tu Mama Chela."

Nilimwambia nitarudi baadaye, nikachukua karatasi yangu. Njiani nililia bila kujificha. Baba Kemunto anajua majina yangu yote matatu, hata lile nililopewa na nyanya yangu. Nikimwacha aende Nyamira, nitabaki mahali ambapo hakuna mtu wa kuniita hivyo. Nikienda naye, huenda mtoto wangu asiniite mama tena.

Nyinyi msionijua, msinitukane, nishaurini tu. Nafasi ya shahidi bado iko wazi. Nifanye nini?