Msijisumbue, Alisema Shangazi

Shangazi yangu Verna alifunga maboksi ya chokoleti kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akiomba kitu. Akitaka chumvi mezani alisema, "Supu ya leo imepoa ladha kidogo," kisha akangoja. Sisi wa St. Stephen, upande wa Kanada, tulielewa na kumpa chumvi.

Mkwewe Curtis hakuelewa. Curtis ni Mmarekani wa Ohio, fundi wa mapaa, sauti kubwa na moyo mkubwa. Akitaka chumvi, anasema "Chumvi!" na mbwa wanabweka. Alimwoa Lorna, mtoto pekee wa shangazi, wakahamia Calais, ng'ambo ya mto, Marekani. Nyumba yao ilitazamana na dirisha la jikoni la shangazi. Kati yao kulikuwa na daraja, maafisa wa mpaka, na tofauti ya saa moja, maana saa za wenzetu ziko nyuma ya zetu.

Agosti daktari alimwambia shangazi ana saratani ya kongosho, na Krismasi asiitegemee sana. Mimi nilijua kwa kuwa ndimi niliyempeleka hospitali.

"Lorna nitamwambia mwenyewe," aliniapisha garini. "Si kwa simu. Sikukuu ya Shukrani, tukishakula."

Shukrani yetu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Wamarekani wana yao Novemba. Mwaka uliotangulia Lorna alikosa kuja kwa sababu ya zamu, kwa hiyo safari hii shangazi akaona apige simu. Nilikuwepo, namenya tufaha. Akapokea Curtis.

"Sitaki kukuchelewesha, mwanangu. Nilikuwa nawaza tu kuhusu Jumatatu. Nitachoma bata mzinga, mdogo tu. Lakini najua mna kazi nyingi, na foleni ya darajani ile. Msijisumbue kabisa. Mimi niko sawa."

Sauti ya Curtis ilinifikia mpaka kwenye tufaha. "Sawa, Mama! Asante kwa kutuelewa! Nina paa langu la kumaliza kabla ya theluji. Wewe pumzika!"

Shangazi akaweka simu, uso unang'aa. "Watakuja."

"Shangazi, amesema ana paa."

"Amesema kwa adabu tu."

"Adabu? Curtis? Yule akivimbiwa anatangaza."

"Acha mdomo, profesa wa nusu diploma. Menya."

Ningeweza kumpigia Lorna. Nilishika simu mara mbili, nikaona nitakuwa naingilia mambo ya watu. Ndio ugonjwa wa upande huu wa mto, na mimi sijapona.

Jumatatu huyo bata "mdogo" alikuwa na kilo nane. Meza iliandaliwa kwa watu wanne, saa kumi na moja jioni. Ilipopita, shangazi akasema, "Labda wanafuata saa yao." Tukangoja saa yao. Ng'ambo, Curtis alikuwa juu ya paa akigonga misumari, na Lorna chini amemshikia ngazi. Curtis akatuona dirishani, akainua nyundo na kutupungia kwa furaha. Shangazi naye akampungia, huku akitabasamu.

"Anajua kazi yake," alisema.

"Ngoja nimpigie."

"Usithubutu. Mtu yuko juu, utamwangusha."

Tukala wawili. Hakumaliza hata kijiko cha viazi.

Wiki iliyofuata alizidiwa. Lorna alipofika hospitali alimkuta hasemi tena, na siku mbili baadaye akafariki, tukamzika.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kwake. Curtis alikaa jikoni, kofia mkononi. "Kwa nini hakusema tu 'njooni'?"

"Alisema," nikamjibu.

"Hakusema! Mimi ndiye niliyepokea simu. Alisema tusijisumbue. Nikamwambia Lorna mama amechoka, hataki wageni."

"Kwetu hiyo ndiyo 'njooni', kaka."

Akajifuta macho kwa kofia. "Angeniita ningeliacha paa wazi. Theluji ingeingia mpaka kitandani."

Na ni kweli, angeliacha.

Lorna alikuwa anaosha vyombo, ametugeuzia mgongo. "Wewe ulikuwepo akipiga simu?"

"Nilikuwepo."

"Ulijua anaumwa?"

"Tangu Agosti. Samahani, Lorna."

"Sina kazi na samahani yako. Ungenipigia simu moja tu."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningeshukuru.

Nikavaa koti. Curtis akanishika bega: "Kaa bwana, chakula kipo, wewe ni wa hapa." Alimaanisha kila neno. Nikamtazama Lorna, nione naye atasemaje. Aliendelea kusugua sahani ileile, na miaka yote ya Calais haikuwa imemfundisha namna nyingine ya kumfukuza mtu. Nikafungua mlango, nikatoka.