Spana na Ndoo Kule Al Sadd

Iko siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Na kwa kuwa Jumapili unaanza kuosha vioo vya maghorofa hapa Doha, kazi niliyoifanya mimi ujanani, acha nikusimulie kabla chai haijapoa.

Tulikuwa mtaa wa Al Sadd. Wenzangu walikuwa juu kwenye jukwaa la kuning'inia. Mimi nilikuwa chini, kazi yangu kuzuia watu wasipite. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Shaibu, Mpemba, mtu wa watu, ndiye aliyetutafutia kazi sote. Alikuwa na utaratibu wake: ndoo na vitu vizito vilifungwa kamba, vidogo kama spana viliachwa hivihivi. Kizito hukimbilia chini, alisema, chepesi huja polepole, aliye chini atawahi kukikwepa. Tuliamini. Mimi niliamini kuliko wote, maana wa kukwepa nilikuwa mimi.

Akaja Wanjala, kijana wa Bungoma, mgeni hata kitambulisho cha ukaazi hajapata. Akakataa kupanda mpaka spana ifungwe. Mzee Shaibu akakereka. Kwetu mdogo hambishii mkubwa mbele za watu, tena mkubwa aliyekushika mkono ukapata riziki.

"Kijana, mimi nimepanda majengo haya wewe hujaota ndevu," akamwambia. "Kama hunisikii, nitamwambia mudiri, meneja wetu, akutafutie pengine."

"Mzee, sibishani na wewe. Naomba tu tujaribu."

Akatueleza aliyosoma shuleni. Kwamba Myunani mmoja wa kale, bingwa wa hekima, naye alifundisha kuwa kizito huanguka kwa kasi kuliko chepesi, na watu wakamwamini karne na karne kwa sababu alikuwa mkubwa. Walikuwapo waliotia shaka. Mwishowe Mwitalia mmoja akabingirisha tufe kwenye ubao ulioinama, ili mwendo upungue jicho liweze kuufuata, akapima. Akakuta uzito si hoja.

Mzee Shaibu akatoa karatasi ya tishu mfukoni, akaiachia. Ikapepea taratibu.

"Umeona?"

Wanjala akaiokota, akaifinya ikawa donge, akamrudishia. Safari hii ikaanguka moja kwa moja.

"Uzito ni uleule, mzee. Kilichoichelewesha ni hewa."

Mzee akalitia lile donge mfukoni. Kisha akapanda mwenyewe ghorofani, upande wa nyuma usio na watu, akatufukuza sote kando, akaachia pamoja spana na ndoo ya mchanga. Akarudia. Mara ya mwisho alifumba macho akasikiliza tu. Mshindo ulikuwa mmoja.

Aliposhuka hakumwomba msamaha Wanjala, wala habari za mudiri hazikutajwa tena. Akakata kamba, akaifunga ile spana kwa mkono wake. "Khalas," akasema, "kuanzia leo kila kitu kinafungwa."

Haikupita wiki. Nilikuwa chini, nimeligeuzia jengo mgongo, namwelekeza mama mmoja na mtoto wake wapite ng'ambo ya barabara. Nikasikia chuma kikigonga kioo. Kuinua kichwa, naiona spana inazunguka mwishoni mwa kamba, juu ya pale niliposimama. Niliogopa, mwanangu. Nikakaa palepale kwenye lami. Nisingewahi kukwepa chochote.

Basi huko uendako waheshimu wakubwa wako wa kazi. Wasalimie, wapokee mizigo. Lakini neno lao likigusa uhai wa mtu, omba lijaribiwe, na uombe kwa adabu kama Wanjala. Siku ukiwa mkubwa wewe, mdogo wako akikuomba hivyo, usione umevunjiwa heshima. Panda ghorofani kama Mzee Shaibu. Hata haya yangu usiyameze tu. Chukua hiyo tishu hapo mezani, uifinye, ujionee.

Mola akushike huko juu, mwanangu, na amshike atakayesimama chini yako, maana yeye mara nyingi huwa hatazami juu.