Kaimu Mkuu wa Kituo

Begi lake liliendelea na safari bila yeye. Msafiri aliliona basi likikata kona, akauliza njia ya polisi, na kabla jasho halijamkauka alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, katika mji asioujua hata jina la mtaa mmoja, akingoja zamu yake.

Nyuma ya kaunta alisimama sajenti wa makamo, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto walio mbali. Mkuu wa kituo alikuwa likizo, naye ndiye aliyekaimu. Mwanamume wa suti alikuwa amemwinamia.

"Dada, yule ni mtoto wa marehemu dada yetu. Unamlaza mahabusu na kituo ni chako?"

"Kaka, ameendesha gari amelewa chakari, akamgonga mwendesha baiskeli. Mtu wa watu yuko hospitali, mguu umevunjika."

"Basi namsubiri mkuu mwenyewe. Wewe kaimu tu."

Sajenti akacheka. "Juzi ulinitambulisha kwa rafiki zako: dada yangu, mkuu wa kituo. Leo umeshanishusha cheo? Sikiliza. Kaimu ana mamlaka yote, ila kiti si chake. Sitakigeuza kochi la nyumbani kwetu."

"Mama angekuwa hai angekutolea radhi."

Kicheko kikakatika. Msafiri alidhani sasa mlango utafunguliwa. Alikwishapita vituo vingi vya polisi, na kila lugha aliyoijua ilikuwa na neno la undugu lenye nguvu kuliko kufuli. Sajenti akainua simu.

"Mzee, samahani kukusumbua likizoni. Mpwa wangu yuko ndani. Naomba koplo akaimu mpaka kijana afikishwe mahakamani. Ndiyo, mzee. Asante."

Akachomoa funguo kiunoni, akamwita koplo mnene aliyekuwa akipuliza chai.

"Weka kikombe. Kaimu sasa ni wewe. Nikija kumwombea yule kijana, nifukuze."

"Nikufukuze, afande?"

"Tena kwa sauti."

Koplo akapokea funguo kwa mikono miwili. Kaka mtu akazifuata funguo kwa macho.

"Unashangaa nini?" sajenti akamuuliza, akivua kofia. "Twende hospitali kwa mke wa majeruhi. Kule ndiko tunakoruhusiwa kuomba, na kwanza tunaomba msamaha."

Akatangulia kutoka. Kaka akamfuata, na msafiri akabaki peke yake kwenye benchi.