Nyumba ya Sabuni

Majina ya wanawake wote wa mwethya wetu ninayo kichwani, na ya waume zao, na hata ya ng'ombe waliolima nao. Sitayaandika hapa. Wengine wameshazikwa, na wengine wana wajukuu wasiopenda mambo ya bibi zao yasomwe na watu. Mwethya kilikuwa kile kikundi chetu cha kuchimba matuta ya shamba, leo kwangu, kesho kwako, mpaka kilima chetu huku Kola kikawa kama ngazi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni moja ya sabuni ilitangaza kwa redio kwamba itapeana nyumba. Sio sufuria, sio baiskeli. Nyumba nzima na ufunguo wake, imejengwa nje kidogo ya mji wa Machakos. Ulikuwa unatia karatasi za sabuni kwenye bahasha pamoja na jina lako, unapeleka posta, unangoja. Mwenye duka letu akawa anatucheka: "Osheni watoto, mama, mpate nyumba." Tukaosha. Tuliosha hata vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Kabla ya kumtaja mshindi, walifungua mlango watu waione. Tukaenda mwethya mzima, tumevaa viatu vya kanisani, watoto wakitufuata nyuma kama vifaranga. Wangu walikuwa wengi. Kitinda mimba wangu, kijana ninayetaka kumsema hapa, alikuwa ndio ameingia darasa la kwanza.

Nyumba ilikuwa na sakafu nyekundu unayojiona ndani yake. Jikoni palikuwa ndani na bomba lake, na choo cha kuvuta maji kilikuwa ukuta mmoja na jikoni. Hapo tulicheka mpaka askari wa mlango akaja kuona kuna nini.

"Sasa mkwe wangu akija?" mmoja wetu akasema. "Anipite hapa nikisonga ugali, aingie huko, na mimi nisikie kila kitu?"

"Utaimba," mwingine akamjibu. "Utaimba kwa sauti."

Kwetu mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha mwingine. Hiyo heshima tunaiita nthoni. Aliyechora ile nyumba, tulisema, huyo hakuwa na mkwe.

Chumba cha mwisho kilikuwa na kitanda. Blanketi yake ilikuwa rangi ya maziwa na dirisha lilitazama nyuma, upande usio na watu. Watoto walikatazwa kuingia kwa sababu ya miguu yenye udongo. Wenzangu walisikia kwamba nje soda zinagawiwa, wakatoka mbio. Mimi nikabaki. Niliketi tu kujua kama kitanda kinabonyea. Kilibonyea. Nikawasikia watoto huko mbele wakililia soda, wangu wakiwemo, na kilio chenyewe kilikuwa mbali, kama cha watoto wa mtu mwingine. Nikavua viatu. Nikalala.

Sijui nililala muda gani. Askari ndiye aliyeniamsha. "Mama," akasema, "hapa sio gesti."

Nyumba ilichukuliwa na mama mmoja wa Muthetheni. Sikumwonea wivu sana. Lakini kutoka siku hiyo nikawa mtu wa kusema ile nyumba. Mvua ikivuja kwetu, nasema ile nyumba haivuji. Moshi ukituuma macho, ile nyumba haina moshi. Nilisema hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wangu wakajua vyumba vyake bila kuviona. Kile chumba cha mwisho sikukisema kamwe. Ningesema nini? Kwamba usingizi mtamu kuliko wote niliolala ni ule nilioupata mahali ambapo wao hawakuruhusiwa kuingia?

Miaka ikaenda, simu za mkono zikafika mpaka kwetu. Yule kitinda mimba akawa fundi wa mawe huko Mavoko, akaoa, akamleta bibi yake nyumbani kama desturi, maana kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki kwa mama. Walikaa kwenye chumba cha mabati karibu na jiko langu. Kilivuja. Usiku wa mvua nilisikia mkamwana wangu akisogeza sufuria huku na huku, na mtoto mchanga akilia. Asubuhi alikuwa wa kwanza kisimani.

Jumapili moja baada ya kanisa kijana akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, nimeamua. Nakujengea ile nyumba."

Nikadhani ananitania. "Ile ya sabuni?"

"Hiyo hiyo. Nauza maksai wawili. Nimeshaongea na yule Msomali mnunuzi wa mifugo, anakuja Jumatano. Wewe nipeleke tu niipime."

Maksai wale ndio waliolima shamba letu. Nilimtazama mkamwana wangu. Alikuwa akimfunga mtoto mgongoni na hakuinua uso.

Siku iliyofuata tukaenda, mimi, kijana na tepu yake ya kupimia, na bibi yake na mtoto. Yule mama wa Muthetheni alikuwa bado yupo, amenenepa, ana kicheko.

"Karibuni kwa sabuni!" akasema. "Watu wanakuja kuangalia tu, hakuna hata mmoja anakuja kuosha."

Akatutembeza. Sakafu nyekundu ilikuwa imepasuka. Jikoni palikuwa na magunia ya mahindi mpaka dirishani, na yeye mwenyewe alipika nje kwa mafiga. Kwenye kile choo kulikuwa na kuku amelalia mayai.

"Wakwe zangu walikataa kabisa kuja," akasema. "Binti zangu wanakuja, wao wanabaki kwa geti kama polisi. Mpaka nikachimba choo huko chini ndio wakaingia."

Nikaona nimepata mlango wa kutokea. "Umesikia?" nikamwambia kijana wangu. "Mimi niko na wakwe. Nyumba kama hii haitanifaa."

"Choo nitaweka nje, Mwaitu."

"Na jikoni? Mimi nimezoea kuni."

"Jiko nje pia. Rahisi."

"Na maji je? Hii haina hata mfereji wa kuteka mvua ya paa. Watu wa Nairobi waliijenga wakidhani huku kunanyesha kila siku."

"Nitaweka mifereji na tangi." Akacheka. "Endelea. Kwani unataka kunichosha?"

Kila nilichokitaja alikuwa na dawa yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefika karibu na kitu alichokifuata kutoka mbali, na mimi nilikuwa naona maksai wakitoka boma wakifuata mgeni, na shamba likingoja jembe la mkono, na jembe hilo litakuwa mkononi mwa nani? Mwa mkamwana wangu.

Tukazunguka nyuma ya nyumba kupima madirisha. Mkamwana alikuwa amebaki ndani. Kijana akafika kwenye dirisha la chumba cha mwisho, akaweka mkono ukutani, asipime.

"Hapa ndipo nilisimama," akasema.

"Lini?"

"Siku ile ya soda. Nilikukosa, nikazunguka nyumba nikikutafuta. Nikachungulia hapa nikakuona umelala." Alikuwa anaongea na tepu yake, sio na mimi. "Mwaitu, mimi nilikuwa sijui kwamba wewe hulala. Nikiamka nilikukuta umeamka. Nikilala nilikuacha umekaa. Nilidhani mama hawalali. Ndio nikasema, nikiwa mkubwa nitakujengea hii."

"Na hukuniita?"

"Nikuite nini? Hata soda yangu niliinywea hapa nikikungojea."

Nilitaka ardhi inifiche. Miaka yote nilijua nimewakimbia kwa ule muda mdogo, na kumbe mmoja alinifuata, akanilinda, na akatoka hapo na mzigo ambao sikumtwika kwa makusudi. Ningemwambia nini? Ningemwambia, mwanangu, sikuupenda huu ukuta kwa uzuri wake, niliupenda kwa sababu ninyi mlikuwa upande wa pili wake?

Nikageuza uso nisionekane, nikachungulia dirishani. Nikamvuta kijana mkono.

Ndani, mkamwana wangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Miguu ilikuwa bado sakafuni. Kinywa wazi, leso imeteleza kichwani. Mtoto alikuwa kando yake anatafuna ncha ya leso na hana shida na mtu.

"Aah!" kijana akasema. "Kwa watu! Acha nimwamshe."

"Mwache."

"Mwaitu, ni aibu."

"Nimesema mwache. Wewe ulishawahi kumwona amelala?"

Alisimama pale pale aliposimama na soda yake, akaangalia muda mrefu. Mwenye nyumba akaja, akachungulia yeye pia, akaenda zake.

"Funika paa lake kwanza," nikamwambia. "Na maksai wabaki. Mimi chumba changu kinanitosha."

Alienda mpaka kwenye ua, akatoa simu, nikamsikia akimwambia yule mnunuzi asije Jumatano. Kisha akarudi kwenye dirisha, akakunja tepu polepole isitoe sauti.

Chumba chao kilipata mabati mapya kabla ya mvua, na baadaye akaongeza chumba cha mawe. Mimi niko kwenye nyumba yangu ya zamani. Lakini kijana anaenda akiwasimulia watu kwamba mama yake alipewa nyumba ya ndoto yake akakataa kwa ajili ya mkamwana. Alisema hata kanisani, akina mama wakanipigia vigelegele. Nilitazama viatu vyangu. Sifa hiyo si yangu, na kumwambia kwa nini si yangu ni kumnyang'anya ile siku yake ya dirishani.

Bibi yake peke yake ndiye hakupiga kigelegele. Sasa wana watoto watatu. Siku moja mimi naye tulikuwa tunachambua maharagwe, watoto wakampanda begani na kulilia chai, akauliza bila kuinua uso, "Mwaitu, siku ile ya sabuni, watoto walikuwa wamekatazwa kuingia, eti?"

Nikasimama, nikawaita wale watatu, nikamwambia, "Nakwenda nao mtoni. Funga mlango."